Kloriti, bromati, THM au HAA: sensa ipi ya kielektrokemia inafaa kwa maji yako?

Anayeomba bei ya "sensa ya mazao ya klorini" anauliza swali pana mno. Klorini, klorini dioksidi na ozoni zikikutana na mabaki ya majani, mwani au bromidi iliyomo majini, huzaa kemikali zisizofanana kabisa. Kuna chumvi zilizoyeyuka kama kloriti, klorati na bromati. Kuna vimiminika vinavyoruka hewani kwa urahisi kama klorofomu na ndugu zake wa kundi la trihalomethani (THM). Kuna asidi za haloasetiki (HAA) zisizopanda hewani hata kidogo. Hakuna elektrodi (kipande cha kaboni au metali kinachopima kwa umeme) moja inayoziona zote. Ndiyo maana hapa tunalinganisha kemikali kwanza, kifaa baadaye.

Kabla ya yote, msimamo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni sahihi na tunausimamia: usipunguze dawa ya maji kwa kuogopa mazao yake. Kipindupindu huua ndani ya saa chache, ilhali mazao haya ni hatari ya miaka mingi ya kunywa. Sensa inakusaidia kurekebisha mtambo, si kuzima klorini.

Badilisha kikomo kuwa mikromoli kwanza

Sensa ya kielektrokemia huhesabu elektroni, na elektroni hazijui mikrogramu: zinafuata idadi ya molekuli, ambayo ndiyo mikromoli huihesabu. Tangazo likisema "tunagundua hadi mikromoli 1", hesabu yako lazima iwe kwenye mizani hiyohiyo.

| Kemikali | Kikomo | Mikromoli kwa lita |
|---|---|---|
| Kloriti | 0.7 mg/L (WHO) | 10.4 |
| Klorati | 0.7 mg/L (WHO) | 8.4 |
| Klorofomu peke yake | 300 µg/L (WHO) | 2.5 |
| THM nne kwa jumla | 80 µg/L (Marekani) | 0.67 kama yote ni klorofomu |
| HAA tano kwa jumla | 60 µg/L (Marekani na Umoja wa Ulaya) | 0.37 kama yote ni asidi ya trikloroasetiki |
| Bromati | 10 µg/L (WHO, Marekani, Ulaya) | 0.078 |
| NDMA (nitrosodimethilamini, zao jingine la dawa ya maji) | 0.1 µg/L (WHO) | 0.00135 |

Kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho kuna tofauti ya zaidi ya mara 7,000. Sensa inayopima kloriti vizuri kabisa haiwezi hata kunusa NDMA.

Sasa geuza mikromoli kuwa mkondo wa umeme. Chukua elektrodi ya kawaida ya kaboni, diski ya kipenyo cha milimita 3, upime sekunde 10 baada ya kuweka volti. Kloriti ikiwa kwenye kikomo cha WHO hutoa takriban nanoampea 50, na kifaa cha mkononi cha bei ya kati hupima hizo bila shida. Klorofomu ya 80 µg/L hutoa nanoampea 5 hivi. Bromati ya 10 µg/L hutoa kama 2, tena kwa sababu kila bromati hubeba elektroni sita. Oksijeni ya kawaida iliyoyeyuka majini, ikipokea elektroni zote nne kwenye elektrodi hiyohiyo, hutoa karibu mikroampea 6, yaani zaidi ya mara elfu moja ya mkondo wa klorofomu. Ugumu wote wa fani hii umo ndani ya namba hizo mbili za mwisho.

Kloriti: hapa nunua bila wasiwasi

Kloriti hutokea pale maji yanapotibiwa kwa klorini dioksidi. Kwenye kaboni huachia elektroni moja na kugeuka klorini dioksidi, kwa volti chanya ya takriban +0.7 hadi +0.9 dhidi ya elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha. Upande huo wa volti oksijeni haisumbui, nayo ni nafuu kubwa. Shirika la Mazingira la Marekani (EPA) limeikubali njia ya stripu za kutupa (vipande vidogo vyenye elektrodi, vya kutumika mara moja) kwa kupima kloriti na klorini dioksidi kwenye maji ya kunywa. Kwa mazao mengine kwenye jedwali letu, stripu bado hazijafika hapo.

Chaguo lako halisi ni kati ya stripu na probu ya utando iliyofungwa kwenye bomba. Probu hupima mfululizo na kupeleka namba kwenye pampu ya dozi. Inafaa pale dozi inapobadilika kila saa, kwa mfano mto ukichafuka baada ya mvua. Ila inadai mtiririko usiobadilika, shinikizo lisilorukaruka, na saa kadhaa za kukaa na umeme kabla ya kuikalibrisha (kuilinganisha na kiwango kinachojulikana). Maji yakikatika mara kwa mara, utando hukauka na kushika utelezi wa bakteria, halafu namba huanza kushuka polepole bila kengele yoyote. Mtambo wenye mgao wa umeme ni afadhali utumie stripu mara mbili kwa zamu. Utapata namba chache lakini za kuaminika.

Stripu nazo zina masharti. Mkondo hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Stripu iliyokalibrishwa kwa nyuzi 20 ikitumika kwenye maji ya tangi la pwani yenye nyuzi 31 itasoma zaidi kwa robo hivi, isipokuwa kifaa kinapima joto na kusahihisha. Uliza hilo kabla ya kulipa. Pakiti ikifunguliwa, unyevu wa hewa ya pwani huharibu elektrodi rejea, kwa hiyo fungua moja, tumia moja.

Vinavyovuruga kipimo ni vitatu. Cha kwanza ni nitriti, ambayo huachia elektroni karibu na volti ileile. Tegemea kuikuta kwenye mabomba ya maji yenye kloramini (klorini iliyoungana na amonia) ambayo bakteria wa nitrojeni wameshayaingia. Cha pili ni klorini dioksidi yenyewe, ambayo hufukuzwa kwa kupitisha nitrojeni ndani ya sampuli kwa dakika chache kabla ya kupima. Cha tatu ni madini ya chuma yaliyoyeyuka, yanayokula kloriti ndani ya chupa njiani kwenda maabara. Sampuli isiyopimwa papo hapo, baada ya kufukuza gesi, itiwe ethilinidayamini hadi 50 mg/L na iwekwe kwenye chupa isiyopitisha mwanga, mahali pa baridi. Hivyo hudumu siku 14.

Klorati: pima pipa, si bomba

Klorati ni nzito kielektrokemia: haikubali elektroni kwa urahisi kwenye kaboni wala platini katika maji ya kawaida. Kwa maji ya bombani tumia kromatografia ya ioni tu (mashine ya maabara inayotenganisha kemikali kabla ya kuzipima), usipoteze hela kwa sensa.

Lakini chanzo chake kiko ghalani. Haipokloriti ya maji (ile dawa ya madumu) hujigeuza yenyewe kuwa klorati na chumvi, na kasi hiyo hufuata mraba wa ukali wa dawa. Ukiizimua nusu kwa nusu mara inapofika, kasi hushuka mara nne. Ghala lenye joto huiharakisha sana. Ndani ya pipa klorati huwa kwa gramu kwa lita, na hapo titresheni (kudondoshea dawa ya kipimo mpaka mmenyuko uishe) ya iodidi ndani ya asidi kali ya haidrokloriki, ikiwa na elektrodi ya platini ya kuonyesha mwisho, inatosha kabisa. Fanya chini ya dohani ya maabara, kwa miwani na glavu. Ukijua klorati ya pipa na dozi yako, ya bombani unaipata kwa kugawanya.

Bromati: inawezekana, kwa mikono makini

Bromati hutoka mahali pawili. Ya kwanza ni ozoni juu ya maji yenye bromidi. Ya pili husahaulika: haipokloriti inayotengenezwa kituoni kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Bromidi iliyomo kwenye chumvi hiyo huishia kuwa bromati. Mitambo ya aina hii ikilishwa chumvi ya bahari iliyokaushwa kwa jua, ambayo ndiyo rahisi kupatikana kwenye ukanda wetu wa pwani, bromati inastahili kupimwa hata kama hakuna ozoni popote.

Njia mbili zinashindana.

Ya kwanza ni elektrodi ya kaboni iliyofunikwa fosfomolibdeti. Unaichovya kaboni kwenye mmumunyo wa asidi ya fosfomolibdiki wa milimoli chache kwa lita, unaisuuza, kisha unapima ndani ya asidi ya salfuriki kwa volti iliyo karibu na sifuri au juu yake kidogo. Kwa volti hiyo kaboni haigusi oksijeni, kwa hiyo huhitaji mtungi wa nitrojeni. Kasoro yake ni kwamba tabaka hilo huishi ndani ya asidi tu. Ukiisuuza kwa maji ya bomba yenye pH 7.5, molibdeti inavunjika, na kipimo kinachofuata hutoka kidogo kuliko ukweli. Suuza kwa asidi ileile ya kupimia. Hata hivyo tabaka huondoka kidogo kidogo, kwa hiyo stendadi (mmumunyo wa kiwango kinachojulikana) ipimwe kila baada ya sampuli chache, si mara moja asubuhi. Nitriti, iodati na peroksidi ya haidrojeni huitikia pia. Mtambo unaochanganya ozoni na peroksidi usiichague njia hii.

Ya pili ni iodidi. Ndani ya asidi, bromati moja hutoa iodini tatu: BrO₃⁻ + 6I⁻ + 6H⁺ → Br⁻ + 3I₂ + 3H₂O. Molibdeti kidogo ikiongezwa, mmenyuko huwa wa haraka. Iodini ndiyo inayopimwa kwenye kaboni, na kwa kuwa iodini ni rahisi mno kwa elektrodi, ishara ni safi. Uzuri mwingine ni kwamba pH inakutenganishia kemikali. Katika pH 7 klorini huru huitikia iodidi ilhali kloriti na bromati zimetulia. Kwenye pH 2 kloriti huamka. Bromati huhitaji asidi pamoja na molibdeti ili imalize kwa wakati. Mpimaji anayejua ngazi hizo hupata kemikali tatu kwa chombo kimoja.

Kinachoharibu njia ya iodidi ni hewa na mwanga. Iodidi ndani ya asidi huoksidishwa na oksijeni polepole, na kiasi kinachohitajika kukudanganya ni kidogo sana: bromati ya 10 µg/L hutoa iodini ya mikromoli 0.23 tu. Blanki (maji safi yaliyotiwa dawa zilezile bila sampuli) hupanda dakika kwa dakika. Pima sampuli na blanki kwa muda uleule kamili, tuseme dakika 5 tangu kutia asidi, ndani ya chupa iliyofunikwa. Iodidi iyeyushwe siku hiyohiyo. Ikiwa na rangi ya manjano, imwage. Kwenye mtambo wa ozoni, sampuli ichukuliwe baada ya ozoni lakini kabla ya klorini, maana kuondoa klorini kwa thiosalfeti ni kujikata mguu: thiosalfeti yoyote inayobaki hula iodini yako yote, na kifaa kitasema maji ni safi.

Tukilazimika kuchagua moja kwa maabara ya kituo, ni iodidi. Haitegemei tabaka linalochakaa, na kosa lake huonekana kwenye blanki. Kosa la fosfomolibdeti hujificha.

THM na HAA: hapa matangazo yanazidi uwezo

Klorofomu ilitambuliwa kuwa zao la klorini mwaka 1974, na Johannes Rook huko Rotterdam, na mwaka huohuo na wakemia wa EPA nchini Marekani. Tangu hapo kromatografia ya gesi ndiyo hakimu. Sensa zinazotaka nafasi yake hutumia zaidi elektrodi ya madini ya fedha, kwa sababu fedha huvunja kiungo cha kaboni na halojeni kwa urahisi kuliko kaboni au dhahabu. Kwenye maji safi ya maabara yenye chumvi iliyochaguliwa, mchoro hupendeza. Kwenye maji ya bomba kuna vikwazo vinne, na kila kimoja peke yake kinatosha kukuangusha.

Oksijeni. Klorofomu huvunjwa kwa volti hasi ya karibu −1, ambako oksijeni imeshaanza kupokea elektroni zamani. Lazima iondolewe. Njia ya kawaida ni kupitisha nitrojeni, lakini klorofomu nayo ni rahisi kuruka. Pitisha mililita 100 za nitrojeni kwa dakika ndani ya mililita 100 za sampuli kwa dakika 15: viputo vikishiba, takriban asilimia 90 ya klorofomu imeondoka na gesi, ilhali bromofomu imepungua kwa chini ya theluthi. Umepoteza unachopima, na kilichobaki kimebadilika uwiano. Njia ya kukwepa ni kusafisha mmumunyo wa seli kwanza, kisha kuinua bomba la gesi juu ya uso na kudunga sampuli ndogo. Sampuli ndogo huleta oksijeni ndogo, na klorofomu ndogo vilevile.

Klorini huru. Miligramu 0.5 kwa lita ni mikromoli 7, mara kumi ya klorofomu unayoitafuta, nayo hupokea elektroni mapema zaidi. Kuiondoa kunaleta mtego mwingine: vihifadhi vinavyopendekezwa kwa kromatografia vinaua sensa. Thiosalfeti hushika uso wa fedha, na asidi askobiki huachia elektroni kwa volti ndogo sana. Chupa iliyotayarishwa kwa ajili ya maabara ya rufaa usiipeleke kwenye elektrodi.

Uso wa fedha. Kloridi na salfaidi huufunika. Ung'arishe kwa poda ya alumina ya mikromita 0.05 kila baada ya vipimo vichache, halafu kalibrisha upya.

Jumla. Hiki ndicho kikwazo tunachokihofia zaidi kwa sababu hakionekani. Sheria hujumlisha THM nne kwa mikrogramu, au kwa WHO hujumlisha uwiano wa kila moja na kikomo chake, jumla isizidi 1. Elektrodi hujumlisha elektroni, na kiungo cha kaboni na bromini huvunjika kwa urahisi kuliko cha klorini. Kisima cha pwani kilichoingiliwa na bahari kwa asilimia 1 tu kina bromidi ya takriban 0.67 mg/L, na bromidi hiyo husukuma mchanganyiko upande wa bromofomu. Sensa iliyokalibrishwa kwa klorofomu ya maji ya bara itasoma kisima hicho vingine kabisa. Usijaribu kuokoa hali kwa elektrodi teule ya bromidi: kloridi ya bahari ni takriban mara 650 ya bromidi kwa moli, na elektrodi hizo kwa kawaida huvumilia kloridi isiyozidi mara 400. Pima upitishaji umeme na kloridi, ukadirie bromidi kutoka hapo.

HAA hazirukiruki, kwa hiyo nitrojeni haiziibi. Elektrodi za kaboni zenye hemu au pofirini ya chuma (molekuli zinazobeba chuma, kama ile ya damu) huvunja asidi ya trikloroasetiki kwa volti ndogo kuliko fedha. Lakini asidi zenye halojeni moja haziitikii kwa nguvu hiyo, ilhali nazo zimo kwenye jumla ya tano. Tena nyingi ya sensa hizi zimeonyeshwa kwenye viwango vya mikromoli kadhaa, na kikomo chako ni 0.37. Bila kukusanya sampuli kwenye safu ya resini kwanza, huoni kitu. Ukishanunua safu, pampu na viyeyushi, urahisi wa sensa umekwisha.

Hukumu yetu: kwa THM na HAA lipia kromatografia kila robo mwaka, kwenye ncha ya mbali kabisa ya mtandao, mwezi wa joto usikosekane. Chupa ya THM iwe ya kioo, mililita 40, ijazwe mpaka pasiwe na kiputo, na thiosalfeti miligramu 3 ndani. Pesa ya sensa itumie kununua kipima klorini huru cha kudumu, kwa sababu dozi iliyotulia hupunguza mazao haya kuliko namba yoyote ya elektrodi ya fedha.

NDMA na sensa za polima zilizochongwa umbo la molekuli ziache kwa vyuo vikuu kwa sasa. Polima hizo ni kazi nzuri ya utafiti, ila toleo moja halifanani na lingine kiasi cha kuaminiwa na kituo.

Jaribio la kumpa muuzaji kabla ya malipo

Usikubali kuonyeshwa kwa maji ya chupa. Lete maji ya mtambo wako, yenye klorini yake na joto lake. Kwa bromati, yeyusha gramu 1.306 za bromati ya potasiamu kwenye lita moja ya maji yaliyoondolewa ioni, upate 1,000 mg/L. Zimua mara elfu moja upate 1 mg/L. Mililita 1 ya hiyo kwenye mililita 100 za maji yako inaongeza takriban 10 µg/L. Pima maji yako yenyewe, kisha yaliyoongezwa nusu ya kikomo, kikomo kamili, na mara mbili yake. Ongezeko linalosomwa liwe kati ya asilimia 80 na 120 ya ulilotia.

Halafu pima sampuli yenye nyongeza ndogo mara 7, ukokotoe mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika), uzidishe kwa 3.14. Jibu hilo ndilo kikomo cha chini cha kifaa mikononi mwako, si kile cha karatasi ya matangazo. Likizidi theluthi ya kikomo cha kisheria, yaani zaidi ya 3 µg/L kwa bromati, kifaa kirudi. Rudia jaribio zima wiki mbili baadaye kwa elektrodi ileile, maana nyingi hufaulu siku ya kwanza.